Malalamiko ya Jumapili

Mjinga wa siku ile alikuwa Inspekta Ildephonse. Tuliseme mapema, msomaji asipoteze nguvu kumtafuta mwingine. Alilikubali mwenyewe, asubuhi, akiwa amesimama katikati ya ofisi ya polisi ya Uvira na karatasi ndefu inaning'inia mkononi mwake kama utumbo wa mbuzi.

"Léocadie," aliita. "Njoo uone mujinga."

"Niko namuona tangu niletwe hapa, chef," alijibu Léocadie, mpelelezi mwenzake, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai. "Leo amefanya nini?"

"Amefunga muntu kwa karatasi ambayo hakuisoma."

Hapo Léocadie aliweka kikombe chini.

Muntu mwenyewe alikuwa Délice Irambona, fundi wa Redio Wimbi, ile redio ndogo ya mtaa wa Rugenge. Tangu Jumanne alikuwa analala juu ya sementi katika chumba cha nyuma. Alasiri hiyo boti ya jeshi ingemchukua kwenda Kalemie, kwenye mahakama ya kijeshi, kwa kosa la kuwadanganya raia ili wauawe. Na kwa jinsi vita ilivyokuwa imechafuka, aliyepandishwa boti ile hakuna aliyejua angeshukia wapi, au kama angeshuka.

Kesi ilikuwa hivi. Risasi zilianza Jumamosi. Bukavu ilikuwa imeanguka, askari waliokimbia huko walikuwa wameshuka Uvira na njaa yao, na mji ukajigawa wenyewe. Wenye mitumbwi walielekea ziwani. Wenye ndugu Rurambo walipanda milima. Wale wakulima wa mpunga wa Bwegera, waliokuwa wamekimbilia mjini, walibaki wamekaa juu ya mizigo yao wakingoja redio iwaambie barabara ya kwao ikoje. Jumatatu asubuhi redio ikawaambia. Sauti ilikuwa ya Marie-Rose, mtangazaji ambaye hata mbwa wa Rugenge wanamtambua: barabara ya Bwegera iko salama, wananchi warudi kwenye mashamba yao. Wakafunga mizigo, wakaondoka wengine wakiimba. Karibu na daraja wakakuta bunduki pande zote mbili za barabara. Bunduki za nani, kila upande mpaka leo unamnyooshea mwenzake kidole. Waliorudi walirudi na watu mgongoni.

Sauti ilikuwa ya Marie-Rose kweli, lakini tangazo lilikuwa la vita iliyotangulia, siku barabara ilipofunguliwa kweli. Jumamosi ile yeye alikuwa amerekodi jipya: msitoke mlipo. Mtu alikuwa ameweka la zamani mahali pa jipya. Kompyuta ya redio hutangaza yenyewe. Unaipangia leo, kesho inasema. Na kompyuta ilionyesha kwamba iliwashwa na kupangwa Jumapili, siku ambayo redio ilikuwa imefungwa na ufunguo uko kwa Délice peke yake.

"Ufunguo ni wake, mashine iliwashwa, basi ni yeye," Ildephonse alikuwa ameandika kwenye ripoti. Aliipenda sentensi hiyo hata akamsomea Léocadie kwa sauti.

Délice alijitetea kwa jambo ambalo kila mwenye kompyuta Uvira analijua bila kufundishwa. Risasi zikilia, hukimbii na kompyuta. Unafungua sanduku lake, unachomoa diski, unakimbia na diski. Sanduku tupu unamwachia mwizi akavunjike mgongo. Diski za siku hizi ni nyembamba kama sabuni iliyobaki kidogo kuisha. Zinaingia mu unga, mu kitenge cha kubebea mtoto, popote. Jumamosi Délice alichomoa diski ya redio, akamkabidhi mkurugenzi wake, Norbert, aliyeificha nyumbani kwake ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Jumatatu alfajiri Norbert alimrudishia. Yeye akaichomeka, redio ikaanza kusema.

Hivyo alisema yeye. Norbert, mtu wa miwani na tai, alisema vingine: ndoo ya unga ni kweli, lakini Délice alikuja kuchukua diski Jumapili, watu wakitoka misa. Neno dhidi ya neno, na moja lilikuwa limevaa tai.

"Sasa hii karatasi," Léocadie alisema, akiisogelea, "si njo ile ya jana?"

"Ya jana nilikuwa nimeiosha."

Ildephonse alikuwa amesomea mambo ya kompyuta Bukavu, na cheti chake kilikuwa ukutani, kimepigwa na jua mpaka jina lake limeanza kufifia. Alijua kwamba kila kompyuta ikiwashwa huandika safari yake ya kuamka ndani ya diski, mstari kwa mstari. Wa kwanza kusema ni BIOS, ile programu ndogo inayoishi ndani ya ubao mkuu wa mashine: inauambia mfumo ulio kwenye diski kwamba uko ndani ya mwili gani, una feni ngapi, matundu mangapi, nini kimewashwa na nini kimezimwa. Mfumo unakagua. Ukikuta BIOS imetaja kitu ambacho hakipo, au kitu kipo lakini kimefungwa, unaandika onyo kwa rangi ya njano na kuendelea na safari. Na kompyuta za Uvira, nyingi zimekuja zimechoka kutoka Ulaya, zinaandika njano nyingi kuliko maua ya alizeti. Kwa hiyo Ildephonse aliweka chujio. Njano yote ikaenda. Zikabaki kurasa chache safi: Jumapili imewashwa, Jumapili tangazo limepangwa, Jumapili imezimwa.

Aliyemponza, au aliyemwokoa, ni Kapteni Antoine, hakimu wa jeshi. Jana jioni alizirudisha zile kurasa kwa ncha ya vidole.

"Inspekta, uko naniletea samaki bila kichwa, bila mukia. Minye nitajua aje kama ni ndagala ao mugebuka? Kesho nataka muzima."

Basi Ildephonse alitoa chujio akachapisha mzima. Sasa alitandaza karatasi mezani, akaibana kwa kikombe cha Léocadie.

"Angalia. Hii ni Ijumaa. BIOS inataja feni mbili, mfumo unapata moja: onyo. BIOS inataja tundu la kadi ambalo haliko: onyo. Rudi nyuma Alhamisi, ni yale yale. Nenda mbele Jumatatu, yale yale. Hii mashine ni kama mama mukwe wangu, kila asubuhi analalamika, lakini habadilishi wimbo."

"Na Jumapili?"

"Jumapili aliongea mama mukwe mwingine."

Léocadie aliinama. Ildephonse alifuata mistari kwa kalamu. Swichi ya kifuniko: imeonekana. Betri: nafasi ipo, betri haipo. Kifaa cha sauti hakijibu: kimezimwa kwenye BIOS.

"Sanduku la redio iko na swichi ya kifuniko?" Léocadie aliuliza.

"Hapana. Ile ya kufunika na kufunua ni laptopu."

"Na sauti imezimwa. Redio ingetangaza na nini, na mikono?" Léocadie alikaa kwenye kona ya meza. "Kwa hiyo Jumapili hakuna aliyeingia ku redio. Diski ilikuwa mu mwili mwingine."

"Njo vile. Na minye nilifuta ile mistari kwa mukono wangu."

"Hilo la ujinga tumeshalimaliza, chef, usilirudie utalizoea." Alitazama karatasi tena. "Lakini usifurahi mbio. Umemutoa ku redio, haujamutoa ku boti. Kama ni kweli alichukua diski Jumapili, anaweza aliiweka mu laptopu yoyote. Nyumba anapanga iko ukuta kwa ukuta na Hyacinthe, yule fundi wa mashine. Hyacinthe iko na laptopu kama mahindi."

Ilikuwa kweli. Juu kabisa ya kurasa za Jumapili BIOS ilikuwa imejitambulisha: jina la kiwanda, aina ya mashine, tarehe ya BIOS yenyewe. Aina hiyo iliingia Uvira kwa wingi mwaka mmoja, mradi mmoja ukizigawa kwa mashule na maparokia, na toka hapo zimeuzwa, zimeibiwa, zimerithiwa. Nusu ya mji ilikuwa nazo. Ildephonse alikunja karatasi, akachukua flashi yenye mfumo ule ule wa redio, akapita kwanza chumba cha nyuma.

Délice alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kitambaa cha kichwa amekifanya mto. Hakusimama.

"Boti imefika?"

"Bado. Nataka kuuliza kitu. Weye uko na laptopu?"

"Minye?" Alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kimekauka. "Telefone yangu ni ile ya kubonyeza. Muliichukua. Ulizeni ile kama ni laptopu."

"Hyacinthe hakuazimii?"

"Hyacinthe haazimi ata bisibisi." Alitazama karatasi mkononi mwa Ildephonse. "Leo umekuja na ndefu. Ile ya kwanza ilikuwa fupi, ikatosha kunifunga. Ningekuwa muntu wa hapa ku ziwa, si wa Bwegera, mungeisoma mara mbili."

Ildephonse aliificha karatasi mgongoni. Léocadie, mlangoni, alitazama viatu vyake.

"Yaya wangu Apollinarie, tulizaliwa tumbo moja, alikuwa mu ile barabara," Délice alisema. "Nilikuambia hivyo siku ya kwanza, ukaandika?"

"Niliandika."

"Kisha?"

"Kisha nikaandika sentensi nyingine."

Kibanda cha Hyacinthe kilikuwa Rugenge, karibu na mahali ambapo wanawake huuza ndagala. Soko lilikuwa nusu. Kila pikipiki ikitoa mlio, vichwa viligeuka pamoja. Hyacinthe, mwembamba, ana tochi kichwani mchana kweupe, aliwapokea kana kwamba polisi ni wateja wa kawaida.

"Karibu, chef. Iko nini imekufa?"

"Aina hii." Ildephonse alimuonyesha mstari wa juu wa karatasi. "Ziko ngapi hapa?"

Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na betri. Ildephonse alichomeka flashi, akaiwasha, akasoma malalamiko, akaiweka kando. Ya pili, Hyacinthe alipoigeuza, tumbo lake lilikuwa wazi. Haikuwa na betri.

Léocadie na Ildephonse walitazamana. Waya ukachomekwa. Ildephonse akabonyeza.

Mashine ikapiga kengele, kubwa, kama ya kanisa. Mama mmoja wa ndagala akajitupa chini kwenye vumbi, wenzake wakamfuata, beseni likamwagika. Ilichukua muda kabla hawajaamini. Kisha wakaamka na matusi.

"Polisi mumekuja kutuua na kompyuta sasa!"

"Samahani, mama," Ildephonse alisema.

"Samahani itaokota ndagala?"

Léocadie aliokota ndagala. Ildephonse alisoma. "Hii iko na sauti."

"Anaweza aliiwasha tena Jumatatu," Léocadie alisema akiwa amechuchumaa, samaki mkononi. "Ukizima leo, kesho unawasha."

"Kweli." Ildephonse aliweka kidole kwenye karatasi, kingine kwenye kioo cha mashine. "Lakini tarehe ya BIOS hailingani. Hii ya Hyacinthe ni mupya kuliko ya Jumapili."

"Niliibadilisha minye, mwaka jana," Hyacinthe alisema. "Ikiisha kupanda, kuishusha ni kazi ya kuua mashine. Wanaojua kufanya vile hapa, mungewalipa na nyumba."

"Basi si hii."

Njia hiyo nayo ilikuwa imefungwa, na boti ilikuwa inakaribia. Ildephonse alikaa kwenye kiti kilichokosa mgongo. Hakuondoka, maana lilibaki neno moja kwenye karatasi ambalo lilikuwa linamkwaruza.

"Hyacinthe. Kuzima sauti mpaka ndani ya BIOS, muntu anafanya juu ya nini? Si anashusha tu sauti, imekwisha?"

"Haiishi." Hyacinthe alionyesha wale akina mama kwa kidevu. "Hujasikia? Hiyo kengele inapiga mbele mfumo haujaamka. Ata ushushe sauti mpaka chini, itapiga. Sasa weye umejificha mu nyumba, umefunga madirisha, mutoto umemuziba mudomo. Inje kunapita muaskari anatafuta cha kubeba. Unawasha mashine yako uone habari. Ngeee! Anajua nyumba gani iko na mashine. Mu vita ya nyuma waliibiwa wengi vile. Njo wantu wakaanza kuniletea, Hyacinthe, izime. Lazima niingie mu BIOS, nikate sauti yote. Vita ikiisha wanarudi niwashe. Wengine wanasahau, wanakuja kunigombeza eti filamu haisemi."

"Umezimia wangapi?"

"Wengi. Pasta. Walimu. Wauza mafuta."

"Wa aina hii? Na betri haina?"

Hyacinthe alifikiri, kisha akainama chini ya meza. Alitoa betri iliyovimba kama andazi, akaiweka juu ya gazeti kwa uangalifu wa mtu anayeweka yai.

"Betri hii niliitoa mwezi uliopita, isije kuunguza nyumba. Mwenyewe alisema atatumia tu na waya wa kuran ya ukutani mpaka mupya ivuke kutoka Bujumbura. Siku ileile akaniomba nizime sauti. Alisema vita itafika, ajiweke tayari mbele."

"Mwenyewe ni nani?"

Hyacinthe alishangaa kwamba kuna mtu hajui. "Si papa Norbert wa redio."

Norbert alikuja na miguu yake mwenyewe, tai imekaa sawa, laptopu kwenye mfuko. Kapteni Antoine alikuwa tayari amekaa upande wa dirisha, kofia juu ya goti, kwa sababu boti ilikuwa imefika na yeye ndiye wa kutia sahihi. Délice alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefungwa mbele kwa kamba ya nailoni, Léocadie pembeni yake.

"Inspekta, niko na redio ya kuendesha," Norbert alisema. "Kama ni ile ya ndoo ya unga, nilishasema."

"Ulisema vizuri. Sema tena, Kapteni asikie."

"Jumamosi Délice alinipatia diski. Niliitia mu unga. Jumapili, misa ikiisha, alikuja akaichukua. Imekwisha."

"Haukuichomeka popote?"

"Nichomeke wapi? Minye si fundi."

"Basi utaniruhusu niwashe mashine yako."

Norbert alitoa laptopu kama mtu anayempa mtoto wa jirani baiskeli yake. Ildephonse aliigeuza: nafasi ya betri tupu. Akachomeka waya na flashi. Akabonyeza. Wote walingoja kengele. Haikulia. Mistari ilianza kupanda kwenye kioo kimya kimya, nyeupe, njano, nyeupe.

Ildephonse alisoma polepole, na Kapteni alifuata kwenye karatasi ya Jumapili. Aina ya mashine. Tarehe ya BIOS. Swichi ya kifuniko. Betri haipo. Kifaa cha sauti kimezimwa kwenye BIOS. Kila alichosoma mmoja, mwingine aliitikia kwa kichwa kama wanaimba litania.

"Maonyo!" Norbert alisema. "Kapteni, mutamushika muntu mukubwa juu ya maonyo? Kila mashine iko na maonyo. Inspekta mwenyewe anajua, hayasomwi."

"Minye nilimufunga muntu juu ya kuacha kuyasoma," Ildephonse alisema. "Leo niko nayasoma."

"Mashine za aina hii ziko mji muzima."

"Ziko." Ildephonse alizima, akachomoa waya, akaipindua laptopu tena. Mfuniko mdogo wa mahali pa diski ulishikwa na skrubu mbili, na vichwa vya skrubu vilikuwa na michubuko mipya inayong'aa. Alitoa bisibisi aliyoazima kwa Hyacinthe, baada ya kuacha kitambulisho chake cha polisi kama rehani. Akafungua. Akaitoa diski ya Norbert mwenyewe, akaipindua laptopu juu ya koti jeusi la Kapteni lililokuwa mezani, akaipiga mgongoni mara chache kama anayemcheulisha mtoto mchanga.

Unga mweupe ulianguka juu ya koti.

Kapteni aliugusa, akaupeleka kwenye ulimi. "Muhogo," alisema.

Norbert alivua miwani. Alipoivua alionekana mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Nitakuambia nilichofikiria kwanza," Ildephonse alisema. "Nilifikiria umenunuliwa. Kuna wa kununua redio siku hizi, hawakosi. Kisha nikafikiria juu ya kengele ambayo haikulia. Uko mu nyumba umefunga. Redio imefungwa, ufunguo hauko kwako. Ukaona upange kazi ya Jumatatu palepale. Mu diski kuna tangazo mbili za barabara ya Bwegera, ya zamani na ya mupya. Ukachukua moja, ukabonyeza usikilize."

"Haikusema," Norbert alisema kwa sauti ya chini.

"Haikusema. Na weye?"

"Nikasema ni ile ya Marie-Rose ya jana. Nilitaka waambiwe wasitoke! Minye mwenyewe nilimuita arekodi. Mungu anajua." Aligeukia Kapteni, kisha Léocadie, akitafuta uso uliolegea. "Risasi zilikuwa zinapita juu ya bati. Nilibonyeza tu."

"Hiyo nakusadiki," Ildephonse alisema. "Ile ya misa ikiisha, njo hainiingii."

"Ulitaka nifanye nini? Jumatatu jioni wantu walikuwa ku mulango na petroli. Walikuwa wanauliza nani. Wangejua ni mukurugenzi, wangechoma redio na wote waliomo. Redio ingeungua, nani angewaonya kesho? Fundi anapatikana. Na hawa wa Bwegera," akasita, "wantu walikuwa wameshaanza kusema ni yeye. Sikuanza minye. Nilinyamaza tu wakisema."

"Ukaja hapa ukanyamaza kwa maneno mengi," Léocadie alisema.

Kapteni Antoine alisimama. Alifungua kamba ya nailoni mikononi mwa Délice yeye mwenyewe, kwa shida, kwa sababu fundo lilikuwa la askari wake na lilikuwa zuri. Délice hakumshukuru. Alisugua vifundo vya mikono, akatembea mpaka mezani, akatazama unga juu ya koti, kisha ile laptopu iliyopinduliwa tumbo wazi.

Norbert alimuona anakuja, akamuwahi kwa maneno kabla hajafika.

"Délice, mutoto wangu, weye ni fundi, waambie. Mashine ingekuwa na sauti, ningesikia. Si vile? Ningesikia neno la kwanza tu, ningeifuta. Kosa ni ya ile mashine. Waambie, ilikuwa imezimwa sauti!"

"Mashine ilinyamaza siku moja, papa Norbert," Délice alisema. "Weye, nani alikuzima wiki nzima?"